Likizo ya Juni kwa Bibi: Mwongozo Kamili wa Kukaa na Wajukuu Kijijini, Ukingoni mwa Ziwa Victoria

Shule zikifungwa mwezi wa sita, mabasi yanayoingia Nyegezi na Nyamhongolo hujaa watoto wanaokwenda kwa bibi na babu. Wengine wametoka Dar es Salaam, wengine Arusha, wengine hapo hapo Mwanza mjini, na bado wana kipande cha safari kwa hiace, bodaboda au kivuko kwenda Kayenze, Magu, Sengerema au Ukerewe. Nyumba iliyozoea watu wawili watatu inajaa ghafla. Haya nawaandikia bibi na babu wenzangu tunaoishi karibu na maji, pamoja na wazazi wanaotuletea hao watoto. Msimamo wangu ni kwamba mjukuu asikae kwetu kama mgeni wa sebuleni. Apewe nafasi yake katika siku ya nyumba, na ziwa lipewe sheria kabla hajaanza kulizoea.

Hatua ya kwanza: ongea na mzazi kabla mtoto hajapanda basi

Piga simu mapema, mzazi akiwa ametulia, usiridhike na "watoto hawajambo, mama, wanakuja Jumamosi." Uliza kama mtoto ana pumu, kifafa au sikoseli. Sikoseli iuliziwe kwa makini, maana huku Kanda ya Ziwa ipo kwa wingi, na mtoto mwenye nayo hatakiwi kupigwa na baridi wala kukosa maji ya kunywa. Uliza dawa anazotumia na anazimeza saa ngapi. Uliza chakula kinachomdhuru. Uliza pia kama bado anakojoa kitandani, kwa sababu mtoto wa miaka minane akichekwa na binamu zake asubuhi ya kwanza, likizo yake imeharibika. Ukijua mapema utamtandikia nailoni chini ya shuka, utamwamsha usiku, na hakuna atakayejua.

Kubalianeni kuhusu adhabu. Kama mzazi hataki mtoto wake achapwe, aseme, na wewe uheshimu hivyo.

Halafu kuna pesa. Bibi wengi tunaona haya kusema. Tunanyamaza, tunauza kuku mmoja mmoja mpaka banda linabaki tupu. Sema, bibi mwenzangu. Unga uliokuwa unatosha mwezi unaisha kwa wiki, na sukari ndiyo usiseme. Mzazi atume fedha ya unga, sukari na sabuni kabla ya safari, na nyingine ya akiba kwa ajili ya zahanati. Akishindwa yote, atume anachoweza, lakini mmeongea.

Kwenye begi kuwe na sweta, kwa kuwa wengi hudhani Mwanza ni joto mwaka mzima, kumbe usiku wa Juni na Julai upepo wa ziwa unakata. Kuwe na viatu vinavyofunika vidole, kadi ya bima kwa mwenye nayo, kadi ya kliniki kwa wadogo, na daftari za kazi za likizo. Mtoto wa darasa la saba ana mtihani wa taifa Septemba, huyo aje na vitabu vyake. Kishikwambi cha michezo kibaki nyumbani.

Hatua ya pili: kagua nyumba ukiwa umechuchumaa

Nasema uchuchumae kwa sababu ukisimama huoni anachokiona mtoto wa miaka mitatu. Chini ya kitanda utakuta chupa ya maji ya dukani iliyotiwa mafuta ya taa. Itoe leo hii. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua kilichomo, na akishayanywa usimtapishe, mkimbize hospitali. Huu pia ni msimu wa kuchuma pamba, hivyo nyumba nyingi zina pampu ya kunyunyizia na mabaki ya dawa. Fungia vyote mahali pa juu. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya pamba haioshwi ikawekewa maji, hata ukiisugua kwa majivu.

Funika kisima na kila shimo la maji. Choo cha shimo kinawatisha watoto wa mjini, na mtoto anayeogopa choo atajisaidia vichakani. Weka ubao wa kupunguza upana wa tundu kwa ajili ya wadogo, na taa ndogo ya sola ya kwenda nayo usiku.

Funga vyandarua vyenye dawa kabla hawajafika, siyo usiku huo wakati wamechoka na wewe unatafuta misumari gizani. Wavulana wakubwa na wasichana walale vyumba tofauti. Mtu mzima yeyote anayepita kwako kulala, awe mjomba wa mbali, awe kijana wa kazi, asilale chumba kimoja na watoto. Hili halina aibu wala halimtukani mtu. Waambie wajukuu tangu mwanzo kwamba mtu akiwagusa vibaya au akiwaambia wafiche jambo, waje kwako hapo hapo. Waambie pia kuna namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza ni ya kutembea

Wakishapumzika na kula, wachukue mzunguke. Waende kwa majirani wasalimie. Wafundishe "mwangaluka" ya asubuhi, "mwadila" ya jioni na "wabeja" ya kushukuru, utaona wazee wanavyofurahi mtoto wa mjini akiwaamkia kwa Kisukuma. Faida yake ni kubwa kuliko adabu peke yake: jirani aliyesalimiwa anajua huyu ni mjukuu wa nani, na akimwona peke yake karibu na maji atamrudisha.

Mipaka waonyeshe kwa miguu. "Msiende mbali" haimwambii mtoto chochote. Mfikishe kwenye ule mwembe, mwambie mwisho hapa. Mfikishe kwenye jiwe kubwa, mwambie usipite hapa bila mtu mzima. Mfikishe barabarani mkatazame bodaboda zinavyopita.

Hatua ya nne: sheria za ziwa

Hapa nitakaa kidogo.

Ziwa letu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 na hakuna lililo kubwa kuliko hilo barani Afrika. Mtoto aliyezoea bomba analiona kama mahali pa kuchezea. Sheria ya kwanza ni kwamba hakuna mtoto anayekwenda ziwani bila mtu mzima, na huyo mtu mzima asiwe na kazi nyingine mkononi. Mama anayefua huku ameinama haangalii watoto. Dada mwenye simu haangalii watoto. Mtoto anayezama huwa hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Kichwa kinazama na kuibuka mara chache, kimya kimya, na kwa dakika chache amekwisha.

Mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, weka dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri, na kamba ndefu kwenye mkono wake. Mtu akizidiwa, mrushie dumu alishike, umvute. Wafundishe wajukuu wenyewe: mwenzako akizidiwa usimfuate majini, rusha dumu, piga kelele. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi tano mdomoni. Kisha minya kifua katikati, kwa haraka na kwa nguvu, mara 30, mpulizie pumzi mbili, rudia hivyo hivyo bila kuacha huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Sheria ya pili inahusu kichocho. Watoto wa huku wanaoga ziwani kila siku, na mjukuu atakuuliza kwa nini yeye akatazwe. Mweleze ukweli. Mayai ya kichocho hutoka na kinyesi au mkojo wa mtu mwenye ugonjwa, yakifika majini yanatoa vijidudu vinavyoingia kwa konokono wadogo wanaopenda kina kifupi chenye majani. Ndani ya konokono vinazaliana, vinatoka maelfu hasa jua linapowaka mchana, na vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda kwa dakika chache. Kujifuta kwa taulo hakutoshi. Ukingoni mwa ziwa tunasumbuliwa zaidi na kichocho cha tumbo, kile kinacholeta choo chenye damu na baadaye kuharibu ini. Nasikitika tulivyokizoea, mpaka mtu anaona mtoto mwenye tumbo kubwa ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo wajukuu wangu wanaoga nyumbani. Maji ya ziwa yanachotwa na mtu mzima, yanachujwa kwa kitambaa, yanakaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kabla ya kuogea. Kijidudu kisichopata mwili wa kuingia hakiishi muda huo. Ukiwa na haraka, yachemshe. Na mtoto yeyote, mgeni au mwenyeji, asijisaidie karibu na maji. Ninajua kuna watakaoona nimezidisha ukali. Mimi ningependa mtoto anune mchana mmoja kuliko kuugua.

Sheria ya tatu: uliza wavuvi kama upande wenu kuna mamba au viboko. Wao ndio wanaojua, na habari zinabadilika. Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, kwa hiyo giza likianza kuingia hakuna mtoto ufukweni.

Sheria ya nne ni ya mitumbwi. Kama lazima kuvuka, vukeni asubuhi ziwa likiwa limetulia, kila mtoto na jaketi okozi lake linalomtosha, na mtumbwi uliojaa muuache uende. Watu wa Mwanza hatuhitaji kukumbushwa meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wala kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Lakini wajukuu hawajui. Wasimulie.

Hatua ya tano: kila mtoto na kazi yake

Mtoto asiye na kazi ndiye anayetoroka kwenda ziwani. Siku ya pili asubuhi, wakati wa chai, gawa kazi kwa majina. Huyu ni wa kuku: kuwafungulia, kuwapa maji, kuokota mayai. Huyu ni wa kufagia uwanja. Huyu mkubwa anakwenda na babu kutoa ng'ombe zizini. Baada ya chai kuna nusu saa ya kazi za likizo, mezani, wote pamoja. Mchana jua likiwa kali wanapumzika kivulini. Si lazima ratiba iandikwe, wakiirudia kwa siku chache wanaishika.

Kazi ninayoipenda kuliko zote kwa msimu huu ni michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, kwa sababu kila umri una sehemu yake. Fanyeni hivi:

Chimbeni viazi vitamu asubuhi. Mtoto achimbe kwa mkono kwenye ubavu wa tuta, jembe lisije likakata kiazi wala kidole. Acheni viazi vinyauke siku moja au mbili, kisha wenye miaka kumi na zaidi wamenye, wewe au shangazi yao akate vipande vyembamba vinavyolingana unene, maana kinene kinaoza katikati wakati chembamba kimeshakauka. Wadogo wanabeba kwa ungo kwenda kuanika juu ya jiwe. Mawe yetu makubwa ya Usukumani ni kichanja cha Mungu: yanashika joto, hayana vumbi, maji hayatuami. Lifagieni kwanza. Vipande vipangwe kimoja kimoja, visilaliane. Mtoto wa miaka minne au mitano anapewa kijiti akae kivulini afukuze kuku na mbuzi, na atakuwa na fahari kuliko wote. Jioni mnakusanya kabla ya umande, kesho mnaanika tena. Jua likiwa zuri, siku mbili tatu zinatosha. Chukua kipande ukivunje: kikilia "ka" kimekauka, kikipinda bado. Wekeni kwenye gunia safi mbali na sakafu.

Mkitaka matobolwa, viazi vinachemshwa kwanza ndipo vinakatwa na kuanikwa. Ni vitamu zaidi, na mtoto atakuwa anaiba jiweni. Mwache aibe kidogo.

Asubuhi nyingine wapeleke mwaloni, wakaone dagaa wanavyoshushwa. Waeleze kwa nini wakati wa mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika: dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haiwavuti. Nunueni ndoo moja mrudi nayo, wajukuu waanike wenyewe juu ya kichanja cha wavu badala ya mchangani, wageuze mchana, wafunike usiku. Akila hao dagaa, hatalalamika tena kwamba ni wachungu.

Hatua ya sita: waliopo na waliokuja

Hili linaumiza nyumba nyingi na halisemwi. Bibi anaishi na wajukuu wengine mwaka mzima, labda watoto wa binti aliyefariki, au ambao wazazi wao wanahangaika mjini. Juni wanakuja binamu zao na nguo mpya na viatu vya kuwaka taa. Kuku anachinjwa kwa ajili ya wageni. Mgeni analala kitandani, mwenyeji anahamia mkekani. Mtoto mwenyeji haongei, lakini anahesabu.

Kwa hiyo kitanda kipigiwe zamu. Kazi zigawanywe sawa, asiwepo wa kuchota maji kwa sababu tu amezoea. Chakula kitoke sinia moja. Mzazi akileta zawadi, alete kwa wote, hata ikiwa daftari na kalamu tu, la sivyo hiyo ya mmoja itunzwe mpaka siku ya kuondoka. Na mwenyeji awe mwalimu: yeye ndiye anayejua kukamua, kupanda jiwe, kutambua majani ya mlenda. Mgeni akianza kutamba kwa Kiingereza cha shuleni kwake, mwambie amfundishe mwenzake mambo matano, na yeye afundishwe matano. Ukisikia mmoja anaitwa mshamba, simamisha mchezo hapo hapo, ongea na wote.

Chakula na jioni

Usijichoshe kutafuta soseji. Asubuhi viazi au uji wa mtama wenye karanga, mchana ugali na dagaa au mlenda, jioni wali siku ukipatikana. Michembe ichemshwe mpaka ilainike, mwagia karanga zilizokaangwa na kutwangwa, uone sinia linavyokwisha. Wadogo wachambulie sato miiba kwa mkono wako. Mwiba ukikwama kooni na usitoke, usimshindilie matonge ya ugali, mpeleke zahanati. Maji ya kunywa yachemshwe, yakiwemo ya bombani.

Simu ya kuongea na wazazi iwe jioni, baada ya kula. Baada ya hapo zima, tandika mkeka. Tega: "Nyumba yangu haina mlango." Waache wahangaike kabla hujawapa jibu: yai. Bao lichezwe, babu ashindwe mara moja moja. Mjukuu wa kiume mwite mume wangu, mwambie ulitegemea aje na sukari, acheke. Na usiku mmoja walete daftari, waandike majina: baba yake babu, mama yake babu, walitoka wapi, walizikwa wapi. Watoto wengi wanamaliza sekondari hawajui jina la babu wa baba yao. Kama si sisi, hakuna mwingine wa kuwaambia.

Kama nauli ipo, wapelekeni Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, wakaone ngoma za watemi. Juni, wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, huwa kuna sherehe ya ngoma iitwayo Bulabo, na Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma wa Kisukuma, hushindana kucheza mpaka vumbi linatimka. Walio upande wa Misungwi na Sengerema wavuke daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025, na uwasimulie tulivyokuwa tunasubiri pantoni na mgonjwa ndani ya gari.

Mtoto akiugua

Homa yoyote ni ya kupimwa siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Watoto wanaotoka sehemu za baridi kama Njombe au Mbeya wanaweza kuzidiwa na malaria haraka sana. Akikutwa nayo atapewa dawa ya mseto, anywe akiwa amekula, na amalize dozi ya siku tatu hata kama siku ya pili anakimbia uwanjani. Degedege, kutapika kila kitu, kulegea au kushindwa kuamka: hospitali usiku huo huo.

Akiharisha, pakiti ya ORS ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, apewe kidogo kidogo, na zahanati watampa vidonge vya zinki. Kama ORS haipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Akiumwa na nyoka, usichanje wala usinyonye. Mguu utulizwe usitikisike, abebwe, apelekwe.

Siku ya kuondoka

Fueni nguo zote siku mbili kabla zikauke. Kila mtoto afungashe michembe yake mwenyewe, ile aliyoianika, na dagaa kwenye ndoo yenye mfuniko, maana kondakta hapendi harufu. Mwambie mzazi kwa mdomo, na umwandikie pia, mambo mawili. Homa ikimpata mtoto katika wiki zinazofuata, amwambie daktari kwamba alikuwa ukanda wa ziwa, apimwe malaria. Na kama aligusa maji ya ziwa, hata mara moja, apimwe kichocho baada ya wiki sita hadi nane. Akipimwa mapema zaidi mayai yanaweza yasionekane, na dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, haiwapati vizuri walio wachanga. Tarehe hiyo iandikwe kwenye jalada la daftari la shule, ambalo mzazi atalifungua tu.